Mkasi uliovuka Busia bila swali hukwama uwanja wa ndege

Kila asubuhi mpakani Busia, mikasi, mashine za kunyolea na vikata kucha huvuka kutoka Uganda kwenda Kenya, na kutoka Kenya kwenda Uganda, bila mtu kushtuka. Vimo ndani ya mikoba ya wasusi, mifukoni mwa vinyozi na katikati ya marobota ya wachuuzi. Afisa wa forodha akiuliza, huuliza thamani ya mzigo na mahali ulikotengenezwa. Afisa wa uhamiaji hutaka kuona kitambulisho. Urefu wa mkasi hauwahusu.

Vifaa hivyohivyo vikifika Entebbe, Nairobi au Kisumu ndani ya begi la mkononi, maswali hugeuka. Mkaguzi aliyekaa nyuma ya mashine ya eksirei hajali mkasi ulinunuliwa shilingi ngapi wala ulitoka kiwanda gani. Anataka kujua una ncha ya namna gani, makali yake ni sentimita ngapi, chupa iliyo kando yake ina ujazo gani, na betri ya mashine ya kunyolea ni ya aina gani. Asiporidhika, kifaa hubaki mezani na mwenyewe huendelea na safari.

Kwa abiria wa kawaida, kupoteza kikata kucha ni usumbufu mdogo. Kwa kinyozi wa Sop Sop, wilaya ya Tororo, au msusi mwenye kibanda Busia, mambo ni tofauti. Mkasi mzuri wa kukatia nywele, wembe wa kinyozi wenye mpini na mashine isiyo na waya ni mtaji wake. Vikibaki kwenye pipa la uwanja wa ndege, kazi ya kesho imekatizwa. Ndiyo maana wafanyabiashara wa mpakani, ambao siku hizi hupanda ndege kwenda Dubai, Guangzhou au Istanbul, wanahitaji kuzijua sheria za mpaka wa angani kama wanavyozijua za mpaka wa ardhini.

Mipaka miwili, maswali mawili

Watu wa eneo hili ni wenyeji wa mipaka. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa hapa Busia, enzi za waendesha baiskeli waliobeba abiria kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda. Tangu Februari 2018, Marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta walipozindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, msafiri hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mwenye mzigo mdogo uliozalishwa ndani ya Jumuiya, usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, anaweza kutumia utaratibu rahisi wa biashara na cheti chake chepesi cha uasilia.

Taratibu hizo zote zimejengwa juu ya maswali mawili: mzigo una thamani gani, na umetoka wapi. Muuza mahindi, muuza nguo na muuza dagaa, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene, wote wamezoea kuyajibu.

Uwanja wa ndege nao una maswali yake, na ni matatu: kitu hiki kinakata au kinachoma? Je, ni majimaji? Je, kinaweza kuwaka moto? Kila kifaa cha urembo kinachozuiwa, huzuiwa kwa sababu ya mojawapo ya hayo. Aliyeyashika maswali haya hana haja ya kukariri orodha ndefu. Anaweza kushika kitu mkononi nyumbani kwake na kujua kitaingia begi gani.

Kilo za chini ni za biashara

Kuna sababu ya wafanyabiashara kukwama zaidi ya watalii, nayo inatokana na hesabu ya kilo. Mtu anayekwenda Deira, Dubai, kununua nguo au nywele bandia hupanga safari nzima kwa ajili ya mzigo unaoingizwa tumboni mwa ndege. Kila kilo ya mzigo huo wa chini ni bidhaa ya kuuza Kikuubo, Nyamakima au Kariakoo. Hawezi kuipoteza kwa kubeba mafuta yake ya nywele na viatu vyake vya kubadilisha.

Matokeo yake ni kwamba vitu vyake binafsi vyote husukumwa kwenye begi la mkononi, ambalo mashirika mengi hulipa kikomo cha kati ya kilo 7 na 12. Wengine huenda bila mzigo wa chini kabisa, wakiwa na begi moja dogo, wakitegemea kununua masanduku hukohuko. Mkasi, wembe, chupa ya losheni na rangi ya kucha hujikuta mahali ambapo sheria ni kali kuliko pote ndani ya ndege.

Kuna njia ya kuepuka hilo bila kupoteza kilo za biashara. Mkasi mkubwa, nyembe za akiba na wembe wa kinyozi, vyote kwa pamoja, ni vyepesi kuliko jozi moja ya viatu. Mwenye mzigo wa chini akivitengea kona moja ya sanduku, atakuwa ameondoa karibu kila kitu chenye makali ambacho kingemchelewesha. Na asiye na mzigo wa chini, bora aviache nyumbani.

Makali yalivyoanza kuogopwa

Sheria hizi zina historia, na sehemu ya historia hiyo iko hapa Uganda. Juni 1976, watekaji waliopanda ndege ya Air France mjini Athens wakiwa na silaha waliilazimisha hatimaye kutua Entebbe. Mateka walikaa huko hadi makomando wa Israeli walipovamia uwanja usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai. Tukio hilo lilikuwa moja kati ya mengi ya miaka ile yaliyozifanya nchi nyingi kukaza ukaguzi wa mabegi ya abiria.

Kwa muda mrefu baada ya hapo, wakaguzi walitafuta bunduki na mabomu. Vifaa vidogo vya urembo vilipita. Hali ilibadilika tarehe 11 Septemba 2001, ndege 4 zilipotekwa nchini Marekani na watu waliotumia visu vidogo. Katika miezi iliyofuata, hata kikata kucha na mkasi wa nyusi vilichukuliwa. Desemba 2005 Marekani ililegeza kidogo, ikaruhusu tena mikasi midogo.

Kisha ukaja mwaka 2006. Tarehe 10 Agosti, polisi wa Uingereza walitangaza kwamba wamevunja njama ya kulipua ndege zinazovuka Atlantiki kwa vilipuzi vya majimaji vilivyokusudiwa kufichwa katika chupa za vinywaji. Tangu hapo chupa ya mafuta, losheni au manukato ikawa na kikomo chake: mililita 100.

Kanuni za msingi za usalama wa anga hutolewa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kupitia Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Kiambatisho hicho huweka kiwango cha chini; kila nchi ina uhuru wa kuongeza masharti yake. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki upo wakala maalumu unaojulikana kama CASSOA, wenye makao yake Entebbe, ambao kazi yake ni kuzisaidia nchi wanachama kuoanisha kanuni za usalama wa anga. Lakini hata kanuni zikifanana, mwenye neno la mwisho ni mkaguzi aliyesimama mbele ya begi. Kifaa kilichopita Jumatatu kinaweza kuzuiwa Ijumaa, na hakuna uonevu hapo. Sheria yenyewe imempa mkaguzi uwezo wa kuamua.

Kifaa kimoja baada ya kingine

Kikata kucha cha kawaida hupita katika viwanja vingi vya dunia. Kinacholeta maswali ni kile chenye kisu kidogo cha kukunjua pembeni. Hicho kihesabiwe kuwa kisu, kiende chini au kibaki nyumbani. Tupa ya kucha ya karatasi ya msasa haina tatizo. Ile ya chuma yenye ncha kali inaweza kusimamishwa.

Kibanio cha nyusi huruhusiwa kwa kawaida. Chanuo la plastiki halina neno. Chanuo lenye mkia mrefu wa chuma, lile ambalo wasusi hulitumia kugawanya nywele, linafanana sana na sindano kubwa kwenye eksirei, hivyo ni bora liende chini. Sindano ya kushonea nywele bandia na ndoano ya krosheti mara nyingi hupita zikiwa ndani ya kikasha chake. Zikiwa zimetapakaa begini humchoma mkaguzi kidole, na mkaguzi aliyechomwa hana huruma.

Mkasi unahitaji kupimwa. Umoja wa Ulaya na Uingereza huruhusu mkasi ambao makali yake hayazidi sentimita 6. Marekani huruhusu chini ya inchi 4, yaani kama sentimita 10. Kipimo huanzia kwenye skrubu inayounganisha pande mbili za mkasi hadi kwenye ncha, wala mpini haumo. Asiye na rula anaweza kutumia kadi ya benki: upana wake ni sentimita 5.4. Makali yasiyozidi upana wa kadi yako ndani ya kiwango cha Ulaya. Yakizidi, mkasi huo ni wa mzigo wa chini. Kwa kipimo hiki, mkasi wa kucha na wa nyusi hupona, na mkasi wa kinyozi huanguka karibu kila mara.

Wembe ndio unaowaponza wengi. Nyembe bapa, zile zinazouzwa moja moja katika kila duka kuanzia Malaba hadi Mombasa, haziruhusiwi begi la mkononi, hata zikiwa bado ndani ya karatasi yake. Wembe wa kinyozi wa kukunja, wenye nyembe za kubadilisha, nao hauruhusiwi ukiwa na wembe ndani yake. Kinachopita ni kinyoleo cha plastiki cha kutupa, au kile ambacho kichwa chake cha nyembe kimefungwa ndani ya plastiki, kwa sababu makali yake hayawezi kuchomolewa kirahisi. Msafiri anayetaka kunyoa ndevu Dubai abebe kinyoleo cha aina hiyo na kuacha pakiti ya nyembe nyumbani.

Vyote vyenye makali vinavyoenda chini vifungwe vizuri. Mkasi uingizwe kwenye ala yake, au ufungwe kwa kitambaa kizito na utepe. Sanduku la chini nalo hufunguliwa na kukaguliwa, na mkono wa mtu ndio unaoingia humo.

Chupa hupimwa kwa ujazo wake

Kosa linalorudiwa zaidi kwa upande wa majimaji ni kubeba chupa kubwa iliyobaki kidogo. Chupa ya losheni ya mililita 250 iliyobaki robo itazuiwa, hata kama kilichomo ni mililita 60 tu, maana kinachosomwa ni namba iliyoandikwa kwenye chupa. Dawa yake ni kumimina losheni katika vichupa vidogo vya mililita 100 au pungufu, na kuvitia vyote ndani ya mfuko mmoja angavu wa lita 1. Kila abiria ana haki ya mfuko mmoja.

Neno majimaji hapa lina maana pana kuliko ile ya nyumbani. Mafuta ya mgando, jeli ya nywele, siagi ya shea, nta, dawa ya meno, rangi ya midomo ya kupaka kwa brashi na rangi ya kucha, vyote vimo. Kinachopakika au kumiminika kihesabiwe kuwa majimaji. Sabuni ya kipande haimo, ndiyo maana wasafiri wazoefu huipendelea.

Baadhi ya viwanja vyenye mashine mpya vimeanza kulegeza kikomo cha mililita 100. Hilo lisimdanganye anayebadilisha ndege njiani. Katika viwanja vingi vya kuunganishia safari, begi la mkononi hukaguliwa upya kabla ya kupanda ndege ya pili. Chupa iliyopita Entebbe inaweza kuishia kwenye pipa huko mbele. Anayepanga begi apange kwa kufuata uwanja mkali kuliko vyote atakavyopitia.

Spiriti ya kupangusia kichwa baada ya kunyoa ni suala la moto zaidi kuliko la majimaji. Hushika moto upesi, na msafiri asiihangaikie: inapatikana karibu kila anakokwenda. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha nayo huwaka. Kichupa kidogo kwa matumizi binafsi huweza kukubaliwa kama kipodozi, lakini galoni ya kazi haipandi ndege ya abiria, iwe juu au chini. Kwa vipodozi na dawa binafsi, kanuni za kimataifa huweka kikomo cha nusu lita au nusu kilo kwa kila kopo, na jumla ya lita 2 au kilo 2 kwa mtu.

Kuhusu mfuko angavu wenyewe, nchi za kanda hii zina sheria ambazo wengi husahau. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017. Tanzania ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Tanzania ilieleza kwamba mifuko ya zipu ya kubebea vipodozi safarini inaruhusiwa mradi mgeni aondoke nayo asiitupe nchini. Mfuko wa plastiki wa duka la uwanja wa ndege ni jambo jingine. Anayeingia Kenya nao hutakiwa kuuacha hapo uwanjani. Pochi ngumu angavu yenye zipu, ya kutumika miaka na miaka, humwondolea mtu maswali hayo yote.

Betri hufuata sheria iliyogeuzwa

Baada ya kujifunza kwamba vitu vya hatari huenda chini, wasafiri wengi huteleza kwenye betri, kwa sababu betri hufuata njia ya kinyume. Betri ya akiba na pawabanki lazima vikae begi la mkononi. Haviruhusiwi kabisa katika mzigo wa chini. Sababu ni kwamba betri ya lithiamu ikipata hitilafu huwaka moto usiozimika kirahisi. Ikiwaka ndani ya chumba cha abiria, wahudumu wataiona na kuishughulikia. Ikiwaka tumboni mwa ndege, hakuna mtu wa karibu.

Mashine ya kunyolea isiyo na waya, ambayo betri yake imo ndani, ni bora iende mkononi. Ikilazimika kwenda chini, izimwe kabisa na swichi yake ifungwe kwa utepe isije ikajiwasha katikati ya nguo. Betri ya akiba ya mashine hiyo ivishwe kifuniko au utepe kwenye ncha zake za chuma, ili isigusane na sarafu na funguo. Pasi ya nywele na draya za waya hazina betri, hivyo hukaa popote.

Pawabanki ina kikomo cha nguvu: wati 100 kwa saa. Hesabu yake ni rahisi. Chukua namba ya miliampia iliyoandikwa, zidisha kwa volti, kisha gawanya kwa 1,000. Pawabanki ya 20,000 yenye volti 3.7 hutoa wati 74 kwa saa, nayo hupita. Kati ya 100 na 160 huhitaji kibali cha shirika la ndege. Ambayo maandishi yake yamefutika inaweza kuzuiwa kwa sababu hiyo pekee.

Masharti haya yamekazwa katika njia zile zile wanazozitumia wafanyabiashara. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, shirika la Emirates huruhusu pawabanki moja tu kwa abiria na halikubali itumike ndani ya ndege. Nchini China, tangu tarehe 28 Juni 2025, pawabanki isiyo na alama ya 3C haipandi ndege za ndani ya nchi, jambo linalomgusa anayetua Guangzhou kisha akapanda ndege nyingine kuelekea Yiwu. China pia hairuhusu viberiti vya gesi wala vya njiti, si mkononi si chini.

Kuna mtego mwingine mlangoni mwa ndege. Ndege ikijaa, wahudumu huweza kuchukua mabegi ya mkononi na kuyashusha chini dakika za mwisho. Aliyeweka pawabanki na betri katika pochi moja huitoa kwa sekunde chache. Aliyezitawanya hulazimika kufungua begi lote huku watu wakimsubiri.

Kimoja ni chombo, dazeni ni bidhaa

Mfanyabiashara anaporudi, mara nyingi hubeba vifaa vya kuuza pamoja na vyake mwenyewe. Hapo mipaka miwili hukutana. Kikata kucha kimoja kwenye pochi ni kifaa binafsi. Dazeni 5 zilizo katika boksi ni bidhaa, na afisa wa forodha uwanjani atazitazama hivyo. Zitangazwe na kulipiwa ushuru unaostahili, na risiti ya duka la Dubai au Guangzhou iwe karibu.

Kuchanganya bidhaa na vifaa binafsi katika begi la mkononi humtia mtu matatani pande zote mbili. Kwenye eksirei, rundo la chuma huonekana kama doa moja la bluu iliyokolea, na mkaguzi asiyeweza kulisoma hulazimika kulifungua. Pakiti za nyembe za kuuza zikiwa humo, zitabaki uwanjani zote, na hasara itakuwa ya boksi zima. Bidhaa zenye makali zote ziende chini, au zitumwe kama mizigo kupitia wakala.

Tena, mkasi uliotengenezwa China haugeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa sababu umelipiwa ushuru Entebbe. Ule utaratibu rahisi wa biashara mpakani Busia na Malaba ni wa bidhaa zenye uasilia wa Jumuiya. Anayenuia kuuvusha mzigo huo upande wa pili ahifadhi karatasi zake za forodha, asije akadhani udogo wa mzigo unatosha.

Kifaa kikizuiwa

Ikitokea mkaguzi amesimamisha kifaa, bado kuna njia tatu. Ya kwanza ni kurudi kwenye dawati la shirika la ndege na kukiweka katika mzigo wa chini, ikiwa bado haujaondoka na muda unaruhusu. Ya pili ni kumkabidhi aliyekusindikiza, kama hajaondoka. Anayesafiri na zana za thamani afadhali amwombe msindikizaji wake asubiri hadi ukaguzi uishe. Ya tatu ni kukiacha. Kilichoachwa mezani kihesabiwe kuwa kimekwenda.

Mabishano hayasaidii, na mzaha ni hatari. Neno bomu likitamkwa kwa utani mbele ya mkaguzi linaweza kumkosesha mtu ndege na kumfikisha polisi. Kinachosaidia ni kuuliza kwa upole ni kipimo gani kimezidi, na kama ipo nafasi ya kukipeleka chini.

Njia hizo tatu zote hutegemea muda, na muda ndio adimu kwa msafiri wa kutoka Tororo. Busia iko takribani kilomita 200 kutoka Kampala, kisha kuna kilomita nyingine kama 40 hadi Entebbe, na msongamano wa Kampala haujulikani utamwachia saa ngapi. Anayepitia Nairobi ana zaidi ya kilomita 400 za barabara, au huenda Kisumu akapande ndege ya ndani, ambako begi lake la mkononi litakaguliwa kwa mara ya kwanza. Akifika dakika za mwisho, hata njia ya kurudi dawatini humfungia.

Kwa hiyo kazi yote hufanyika usiku wa kuamkia safari, juu ya meza ya nyumbani. Vifaa vyote humwagwa na kutengwa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la makali: mikasi mirefu, nyembe na machanuo ya chuma, ambavyo huenda chini au hubaki. La pili ni la majimaji, katika vichupa vidogo ndani ya pochi angavu, juu kabisa ya begi la mkononi. La tatu ni la betri, nazo hubebwa mkononi katika pochi yake. Kikibaki kitu ambacho mtu hana hakika nacho, ajiulize kama angekubali kukipoteza. Kama hangekubali, kisipande naye.